Vidonge Kumi na Vinne vya Abeli

Nkuhungu,
Dodoma.
16 Juni, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Devota,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. U hali gani? Shemeji Ernest na mgongo wake wanaendeleaje? Watoto je? Mama yuko Buigiri, mzima, analalamikia baridi na bado anavuna mtama wake mwenyewe. Afya yangu mimi ndiyo habari yenyewe. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu hushikwa na kila mtoto wa nyumba hii.

Unakumbuka mwezi wa nne nilikwambia nasikia kuungua nikienda haja ndogo. Ukasema siku hizi dawa za mambo hayo zinaagizwa kwenye simu: unajibu maswali, daktari anasoma huko aliko, dawa zinakuja kwa posta. Hakuna foleni, hakuna macho ya watu. Nikamweleza Abeli. Mume wangu huyo, ambaye hata kiberiti mpaka nimtume mara tatu, alinyakua simu kabla sijamaliza. "Mama Ruthu, hili niachie mimi. Pale zahanati nitaonekanaje, mzee wa kanisa mzima?"

Kumbe naye alikuwa akiungua, na ugonjwa wenyewe kauleta yeye. Anasema ilikuwa mara moja tu, safarini Singida. Mara moja za Abeli nazijua; hata chapati huwa anakula "moja".

Sasa ona akili ya mtu mwenye aibu. Fomu ilitaka anwani. Sisi hatuna sanduku la posta, barua zetu miaka yote hupitia sanduku la kanisa, naye akaandika hilo hilo. Jumapili baada ya sadaka Mzee Yotham akasimama na matangazo: kikao cha kwaya, harusi mbili, kisha, "Mzee Abeli, kifurushi chako kiko ofisini. Kidogo, lakini kimefungwa kwelikweli!" Kanisa zima likageuka. Benchi ishirini na nne, watu kumi kumi. Mtu aliyekimbia macho ya muuguzi mmoja akatazamwa na watu mia mbili na arobaini. Akawaambia ni miwani. Mpaka leo wanamwuliza mbona haivai.

Dawa sizisemi vibaya. Zilifika siku ya tano, hazijafunguliwa, na maelezo kwa Kiswahili safi: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku saba. Vidonge kumi na vinne. Nikauliza, "Na vyangu viko wapi?" Akavipanga mezani mafungu mawili. "Nusu kwa nusu, mke wangu. Si tu mwili mmoja?"

Devota, mimi nilianza kufyatua tofali Ihumwa na kalibu moja ya mbao na beleshi la kuazima. Leo nina mashine mbili na vijana tisa. Ukipunja saruji nusu hupati nusu tofali, unapata vumbi lenye umbo la tofali. Vidonge saba kwake na saba kwangu ni wagonjwa wawili vilevile.

Nikaichukua simu. Majibu yake yalikuwemo yote. Umri, sawa. Dawa zinazomdhuru, hakuna. Una mwenza? Hapana.

Hapana! Eti ukisema unaye, wanauliza habari zake, na yeye aliogopa jina langu "lisije likazagaa". Miaka kumi na tisa ya ndoa na watoto wanne, kaifuta kwa kidole gumba. Daktari wa watu hakukosea. Alimtibu kapera, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Simu haioni pete.

Nikamsukumia mafungu yote mawili ameze peke yake. Jumatatu nikaenda zahanati saa nne asubuhi, nikakaa foleni na majirani, tukaongea bei ya nyanya, na hakuna aliyekufa. Muuguzi Salma, binti aliyempita Ruthu wangu umri kidogo tu, akanipima, akanipa dozi yangu kamili. Akasema, "Mama, mlete na baba nimpime. Akibaki nao, mwezi ujao nitakuona tena hapa."

Abeli akagoma siku nne. Godoro lake nikalihamishia stoo, kati ya mifuko ya saruji. Siku ya tano akatoka mwenyewe, kofia hadi kwenye nyusi kama mwizi wa mbuzi, na watu wakamwamkia kwa jina tangu getini.

Salma akamwuliza swali lile lile la kwenye simu. "Baba, una mwenza?" Akanitazama. Nami nikamtazama. Akanong'ona, "Ninaye."

Nikamwambia, "Sema kwa sauti, Baba Ruthu. Dada anaandika."

Akasema. Hata wa nje walisikia.

Basi mdogo wangu, ukiagiza, agiza, lakini jibu kweli, na Shemeji awe amekaa kando yako. Msalimie sana, pamoja na watoto na Mama Restuta jirani yako. Mungu awafunike kwa afya, na asiwapunje. Ukijibu, tuma kwa basi kwa jina langu. Sanduku la kanisa sahau.

Ni mimi dada yako, nikupendaye dozi kamili,

Hilda