Mukeka wa Majivu

Mujukuu wangu Sifa,

Huku Kasongo tuko wazima. Mihogo imetoka vizuri, na dada yako amejifungua mutoto mwanamuke kule Wamaza. Analia kama wewe zamani!

Unaniuliza kama ni kazi kweli, kuchora mazulia mu ordinateri, hiyo kompyuta yenu, siku nzima bila kugusa uzi. Nitakujibu kwa mukeka wangu wa arusi.

Mama mukwe wangu hakupasua ukindu kabla ya kuchora. Aliuchora mukeka kwa majivu mbele ya nyumba, maua yote, kisha akatuambia, "Mukae." Nikakaa. Babu yako akakaa pembeni yangu, goti lake likatoka nje ya mustari. Mama mukwe akafuta kwa muguu, akauchora upya, mupana zaidi. Ndipo akasuka. Hata jani moja halikutupwa.

Basi chora, mujukuu wangu, futa, chora tena. Ila uliza kwanza nani atakaa hapo.

Mukeka ninao bado, umechakaa. Tangu babu yako atutoke, nafasi ya goti lake iko wazi. Ukija, utakaa pale.

Koko yako