Rufaa ya Shemeji Yako

Kaka yangu wakili,

Sisi tupo. Paka amezaa juu ya mabango ya kampeni.

Shemeji yako ameenguliwa. Sheria inataka mgombea ajue kusoma, naye hajui. Nilimkaririsha ukurasa wa kwanza wa katiba mpaka akaumeza wote. Msimamizi wa uchaguzi akamfungulia wa tano. Bwana akautiririsha ule ule wa kwanza, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nyumbani akafunga komeo. "Umeniuza," akasema, akang'oa mguu wa kiti. Kila pigo alilisindikiza na mstari wake, kunionyesha hakukosea neno: watu wote ni sawa mbele ya sheria. Meno mawili yakatoka. Mkono wa kulia ukavunjika.

Ndiyo maana mwandiko umepinda. Huu ni wa kushoto. Amesimama nyuma yangu akidhani naandika rufaa yake. "Tia ukali," ananiambia. Natia, kaka.

Kesho anakuletea mwenyewe. Mpe kiti, kisha uite polisi. Neno la mwisho hapo chini kaandika yeye. Hilo nilimfundisha likamwingia.

Mdogo wako,
na mumewe