Baba Frank, Daftari Lako Limejaa

Baba Frank, mwaka umezunguka tangu utuage, na ujue kwamba mkeo ndiye bibi mwenye nguvu kuliko wote hapa Kizwite. Ndoo ya lita ishirini naipandisha kichwani peke yangu. Basi, binti yetu Edith akiishika kwa chini. Na ikiwa nusu.

Wewe, Andwele Mwambungu, ulikuja Ufipa kutoka Mbeya ukiwa bwana afya kijana, ukauvumilia upepo wetu na ugali wetu wa ulezi. Ndiwe uliyelikuta lile daftari kwenye kabati la zahanati ya zamani kule Msanzi: watoto mia tatu waliopimwa uzito miaka ya hamsini, nani alinyonya, nani aliugua. Wengine wangewashia moto. Wewe ukawapelekea watafiti, nao wakataka kujua: mtu aliyeanza vibaya utotoni, akifika uzeeni anatembeaje?

Mimi nilikuwa namba kumi na tisa, ratili nne nilipozaliwa, mdogo kuliko wote. "Mama Frank," ulikuwa ukinitania, "kuna kuku waliokuzidi."

Kila baada ya miaka mitatu uliwafuata watu wote wa daftari kwa baiskeli, ukiwasalimia kwa Kifipa chako kibovu mpaka wanacheka na kusahau kuuogopa mzani. Uliandika kila kitu. Hukukisia hata kimo cha mtu. Mashati yako yote mfuko una doa la wino, na sijayafua.

Ulituacha awamu ya mwisho ikiwa katikati, wamepimwa watu sitini na mmoja tu. Daktari Atupele, mkuu wa utafiti, akatuambia wasipofika mia, kazi ya miaka thelathini inafungwa bila jibu. Na wazee wako walikuwa wamegoma. Wanapimwa na Andwele, basi.

Nikavaa mabuti yako nikaenda. Kule Kasense mzee Adolfu alinifungia mlango.

"Shemeji, aliyekuwa akinipima amekufa kabla yangu. Huo mzani una mkosi."

"Au unaogopa Coleta asikie kilo zako?"

Mkewe Coleta akacheka huko jikoni mpaka akapaliwa. Adolfu akatoka, amevaa koti la kanisani.

Wamefika mia moja na wanne, Baba Frank! Kazi haifungwi. Na Daktari anasema wengi wetu tulioanza kama vifaranga, tukalishwa na kutunzwa vizuri miaka ile ya mwanzo, bado tunakibana kile kipimo cha nguvu za mkono mpaka mshale unaruka.

Tunaokukumbuka ni wanao Frank na Edith, mkweo Raphael, dada yako Anyitike aliyeko Mbeya, wajukuu, wazee wote wa daftari, na mimi Bertilla wako. Hutatutoka moyoni hata siku moja.

Ila una makosa. Jumapili, baada ya misa ya kukuombea, Daktari alisoma maandishi yako mbele ya watu wote: "Bertilla, namba kumi na tisa. Anasema hajawahi kuonja pombe. Jana nimemtoa kilabu cha kimpumu nimembeba mgongoni."

Watu wakanigeukia. Nikasema huyo ni Bertilla mwingine, parokia ilijaa akina Bertilla.

Edith akafunua ukurasa wa pili. "Mama, hapa Baba ameandika: Atasema ni Bertilla mwingine."