Hawakupiga Hodi

Kwako mama yangu mpenzi, uliyelala Siyu,

Salamu zangu zikufikie pamoja na Fatiha niliyokusomea leo baada ya alasiri. Najua ungesema, mwandikia wafu huyu, karatasi kaziokota wapi? Niache, mama. Leo nimejaa fahari mpaka kifua chanibana, na hapa Amu hakuna wa kumwambia akanielewa kama wewe.

Waikumbuka siku ile niliyorudi kutoka kisimani nikilia? Mkalimani wa Mzungu wa Serikali alikuwa amewatangazia watu kwamba baba yako, mmoja wa wazee wa mui wetu wa Siyu, aliyekataa kuwatoa vijana wakabebe mizigo ya Serikali, ni muasi, na kwamba amefungwa ngomeni Amu. Babu mshona viatu, aliyenukia ngozi hata siku ya Idi! Na sisi watoto wa chuo chako cha Kurani neno muasi tulilijua kwa maana moja tu, mja aliyemuasi Mola wake. Wewe ndiye uliyetufunza. Basi wenzangu wakasogea mbali nami mkekani, na Mwanaesha wa jirani akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama babu yangu ataingia motoni. Uliyasikia. Nikajua leo bakora italia.

Hukuigusa bakora. Ulimwita Athman, mkubwa wetu chuoni, ukamnong'oneza, akatoka nje. Sisi tukaendelea kusoma. Mara huyo kaingia bila neno, kapita moja kwa moja mpaka kitandani kwako, kaketi, miguu juu! Kisha akainuka, akafagia, akapanga mikeka, akajaza mtungi. Kazi safi, siwezi kumdhulumu. Halafu akaanza kutuambia nani aketi wapi, na kwamba tangu leo hata maji ya kunywa tutamwomba yeye. Mwanzo tulicheka. Alipomwamuru Mwanaesha akae mlangoni, yule mpole wa watu akanyakua ufagio, nasi tukamfuata, tukamsukuma Athman mpaka nje.

Ukatuketisha. Ukatuuliza mbona twamtoa mtu aliyefagia, akapanga mikeka, akajaza mtungi. Tukatazamana. Mwanaesha, ufagio bado mkononi, akasema, "Hakupiga hodi."

"Basi nyote mumeasi," ukasema. "Na Mwanaesha ndiye mkuu wa waasi."

Mwanaesha akaanza kulia, maskini, naye akiogopa moto. Hapo ukamvuta karibu, ukasema maneno ninayoyabeba mpaka leo: "Maasi ni kwa Mwenyezi Mungu. Mwenye nyumba akimtoa aliyeingia bila hodi hajamuasi mtu. Nti hii, kama nyumba, ina wenyewe. Waliokuya hawakupiga hodi." Mwanaesha akafuta machozi, akaja kuketi ubavuni kwangu. Athman naye, kwa wiki nzima, akawa atuomba tumfukuze tena.

Watoto hawana siri, na maneno yako yakazunguka mui wote. Mkalimani akaja kukifunga chuo. Tulimsikia mlangoni, hodi. Ukaweka kidole mdomoni. Alikuwa mwana wa visiwani kama sisi, amesoma chuo kama sisi, na sheria aijua: hodi tatu, usipojibiwa urudi, wala usinune. Akabisha ya pili. Akabisha ya tatu. Ukumbi umejaa watoto, hakuna hata aliyekohoa. Mlango haukuwa na komeo, angeusukuma tu. Tukasikia viatu vyake vikiondoka, na mlio wake niliujua, vilikuwa kazi ya babu. Alirudi siku nyingine, ukamnyamazia vilevile, mwisho akaacha. Mzungu wake alimwambia nini sijui, labda kwamba mwenyeji hayupo.

Babu hakurudi, mama. Kazikwa hapa Amu, na kila Ijumaa namzuru. Lakini tangu siku ile hakuna mtoto wa Siyu aliyesogea mbali nami kwa ajili yake, na nilipoolewa huku nikafungua chuo changu, jina lake nalitaja kichwa juu.

Sasa sikiliza la leo. Nilikuwa na watoto wangu ukumbini nikasikia hodi. Sauti imezeeka, lakini ni yeye. Mkalimani yule yule! Nikaweka kidole mdomoni kama ulivyoweka wewe, na watoto wakanyamaza bila kujua kwa nini. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Nilitaka aende zake, mama, sikufichi. Kisha nikasikia sauti ya mtoto wa kike ikimuuliza kwa nini wasiingie tu, mbona mlango u wazi.

Akamjibu, "Turudi, mjukuu wangu. Nyumba ina wenyewe."

Maneno yako, mama. Kayabeba miaka yote ile, kinywani mwake!

Nikasema karibu. Akaingia, viatu mkononi, akaniomba nimfunze mjukuu wake. Hakuutaja mui wa Siyu, wala mimi sikumtajia. Nilimtengea mtoto nafasi katikati ya mkeka, hakuna aliyesogea mbali naye.

Kesho nitampata Athman miongoni mwa watoto wangu, wa kuingia bila neno na kupanda kitandani kwangu. Na ufagio nitauweka karibu na mjukuu wa mkalimani.

Lala salama, mama. Chuo hakijafungwa.

Ni mimi binti yako,
mjukuu wa mshona viatu