Spana Niliyoichagua Dukani

Mjini Lipa, Jumapili mchana

Dada yangu Perlita,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu na analalamika kwamba hupigi simu. Mibuni uliyoipanda uani imechanua.

Uliuliza habari za gari la marehemu baba. Niliamua kubadilisha breki mwenyewe. Dukani nilikuta seti nzima ya spana za bei rahisi, na spana moja tu, nzuri, kwa bei ileile. Nikachukua seti. Mke wangu Rowena akaniuliza, "Hizi ni za chuma au za kopo la samaki?"

"We mama, umekuwa fundi tangu lini?" nikamjibu, tukacheka.

Jana nikajilaza chini ya gari, nikaivuta spana kwa nguvu zote kwenye nati yenye kutu. Ikapasuka mdomo. Gari likatikisika, jeki ikateleza, nikaona chuma kinanijia kifuani. Gari likakomea kwenye tairi la akiba, ambalo Rowena alikuwa amelisukuma pale chini bila kuniambia. Kati ya gari na kifua changu, hata kiganja kisingepita.

Alinishika miguu akanivuta nje. Hakunigombeza. Alikaa matopeni ameng'ang'ania shati langu, akasema, "Ungeniachia huyu mtoto nimlee peke yangu, Nestor."

Ndivyo nilivyojua kwamba ana mimba.

Mama usimwambie kuhusu gari. Habari ya mtoto nitampa mwenyewe.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Nestor