Koki Kubwa Iko kwa Mama Njeri

Baba,

Maji ya mtaa mzima yamefungwa. Ungekuwa hai ungeniuliza, "Yamefungwa na nani?" kwa ile sauti yako ya kumshuku kila fundi. Nimeyafunga mimi leo asubuhi, kwa mkono mmoja. Udongo bado uko kwenye kucha.

Ngoja nikueleze toka mwanzo. Tangu tukuzike, hizi nyumba zetu za kanjo, za baraza la jiji, zimeanza kukarabatiwa. Si kwa ule mtindo uliouogopa, wa lori kuja na sisi kuambiwa tutoke. Wapangaji wamechagua kamati, watu wawili kila bloki, na hakuna anayehamishwa. Injinia ni msichana mdogo tu. Alikuja akakalia stuli ya Mama Akinyi, jirani yetu wa mbele, akauliza, "Nyinyi wenyewe mnataka tuanze na nini?" Aki nilidhani anatania. Sisi, kuulizwa! Tukasema maji: kila bloki iwe na koki yake ya kufungia, ili bomba la mmoja likipasuka wengine wasikauke. Akaandika. Akasema pia mafundi watoke humu humu mtaani, ndiyo maana siku hizi mwanao navaa ovaroli yenye jina langu kifuani. Mutheu, kwa uzi mwekundu.

Shida ikawa moja. Bomba kuukuu haliwezi kukatwa kabla ya kufunga koki kubwa ya mtaa, na wewe fundi wetu wa miaka yote ukiwa umekufa, hakuna aliyejua iko wapi. Ramani ya ofisini ilikuwa ya uongo mtupu. Injinia akatuambia wazi, tusipoipata kufikia mwisho wa mwezi, kazi itaanza mtaa wa pili na sisi tutangoja. Na wewe unajua kungoja kwa huku kwetu kulivyo.

Kwenye mkutano Mama Akinyi akasimama. "Baba Mutheu alikufa na maji yetu," akasema. "Alificha makusudi, ili tumwite yeye peke yake." Watu wakaguna, wengine wakanigeukia. Baba, nilinyamaza. Damu yako mwenyewe, nilinyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kukudhania hivyo. Nilikuomba mara ngapi unionyeshe, ukanijibu, "Soma kwanza, mabomba hayakimbii"?

Nilirudi nyumbani nikapekua sanduku lako la vifaa, nikapata daftari. Mwandiko wako ule ule wa kuku aliyeparura: "Koki kubwa. Kwa Mama Njeri, hatua saba kuelekea kwa Mama Mwikali." Nikapiga kigelegele peke yangu. Asubuhi nikaenda kwa Mama Njeri muuza mboga, nikabahatisha upande, nikahesabu hatua saba, nikachimba. Nikachimba hadi kiunoni. Nikamng'olea sukuma wiki yake yote, na hakuna kitu. Akanisimamia juu ya shimo, mikono kiunoni.

"Kwani babako aliandika hiyo lini?" akauliza. "Mimi nimehamia hapa Njeri akiwa darasa la tano. Na mtaa huu umeshakuwa na akina Mama Njeri wangapi?"

Nilicheka mle shimoni hadi nikalia. Nyumba zina namba, Baba! Lakini wewe uliandika akina mama, na akina mama wakahama, wakazeeka, wengine wakafa. Kurasa zote ni hivyo. "Kutoka kwa Mama Salim, kata kona kwa Mama Wambua." Nani atasoma kitu kama hicho?

Injinia hakucheka. Akasema, "Basi tuwaulize wenyewe." Leo asubuhi akawaita wakaaji wa zamani wote, na binti za wale waliokufa. Nikawa nasoma jina moja moja. Wakaanza: "Mama Mwikali alikuwa ile ya kona, alimzaa Mwikali mle ndani mvua ikivuja kitandani." "Mama Salim alikaa hapa kabla ahamie Majengo." Walibishana, wakatukanana kidogo, wakakubaliana. Jina likipata mlango wake, mmoja wao anaenda kusimama pale. Mwishowe walijaa uwanja wote, kila mmoja kwenye mlango usio wake, wakiitikia majina ya wenzao waliotangulia, na njia ya bomba lako ikaonekana katikati yao tangu barabarani hadi nyuma ya vyoo. Injinia alikuwa anapiga picha, akashusha simu atazame kwa macho yake.

Mahali pa Mama Njeri wa wakati ule alisimama Mama Akinyi. Nikahesabu hatua saba. "Nyoosha miguu," muuza mboga akanipigia kelele, "babako alikuwa mrefu!" Nikanyoosha, nikachimba, jembe likagonga chuma.

Nilijua nitakuta kutu tupu. Koki ya miaka hiyo huwa haigeuki hata uipige nyundo. Kumbe ulikuwa umeipaka grisi, ukaivisha tyubu ya tairi, ile uliyokuwa ukinunua soko la Kariokor, ukaifunga waya mara tatu. Nikakata waya, nikashika, ikazunguka. Kwa mkono mmoja, Baba! Kule mwisho wa mtaa mtu akapiga kelele kwamba maji yamekatika, na watu wakashangilia. Mtu anayetaka kuficha hatunzi kitu hivyo. Ulimwekea fundi atakayekuja baada yako, na hata hukujua kama atakuwa mimi.

Mama Akinyi aliketi juu ya udongo, akafunika uso kwa leso. "Tuwie radhi, Baba Mutheu." Amemaliza deni lake pale pale. Langu bado.

Ramani mpya tunaichora kwa namba za nyumba, na pembeni tunaandika nani anakaa wapi na mwaka gani. Itabandikwa ukutani kwa kamati, asome yeyote. Nakuahidi sitajua kitu chochote peke yangu katika mtaa huu.

Pumzika, Baba. Mkutano ni saa kumi, na wote watakuwepo. Nitasimama niwaambie kwamba siku ile walipokusema, mimi mwanao nilinyamaza, na kwamba nilikukosea kuliko wao wote.

Binti yako,
Mutheu