Gundi Juu ya Kidonda

3 Machi

Shikamoo Baba,

U mzima? Goti bado linakusumbua? Mimi sijambo, ila simu yangu imefia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Habari kubwa: karakana imenitoa kwenye kupaka soli rangi. Mwisho wa mwezi nitashona jozi moja kwa mkono mbele ya msimamizi, na nikifaulu nahamia benchi la washonaji. Mwanamke wa kwanza, Baba! Msimamizi anasema mshono wangu umenyooka kuliko wake. Nikamwambia nina mwalimu mkali.

Juzi kisu cha ngozi kilinigusa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kijikato tu, damu haikuzidi matone mawili. Nikakiziba kwa gundi ya viatu kama ulivyonifundisha. Leo kimevimba, kina joto, na kinapwita nikishika sindano. Mwenzangu wa chumbani ananisukuma niende zahanati. Niende, au ni uoga tu?

Mwanao

7 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Goti ni lilelile, halina adabu.

Barua yako nimewasomea mafundi wote hapa kibandani, hadi muuza kamba za viatu akaniomba nipumzishe koo. Benchi la washonaji! Sijui nikiweke wapi kichwa changu leo.

Kuhusu kidole, huyo mwenzako anadeka. Ningekimbilia zahanati kila kisu kinaponigusa, wangeshanipa kitanda changu kabisa. Ongeza gundi, tabaka la pili, kisha ushone. Na usifunge kitambaa, msimamizi asije akakuona mlegevu.

Baba yako

10 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nijibu hata mstari mmoja.

Leo muuguzi mmoja, mteja wangu, amekuja kuchukua viatu vyake. Nikamsimulia habari zako kwa kujigamba, na ile gundi nikaitia kama kichekesho. Hakucheka. Aliniuliza tangu lini, kama kina joto, kama kinapwita. Anasema gundi imefungia uchafu ndani. Ukipata homa, au ukiona wekundu unapanda mkononi, usisubiri hata saa moja.

Nenda leo hii, mwanangu. Gundi usiibandue mwenyewe, waachie wao. Msimamizi aseme atakalo. Nambari ya karakana sina, basi barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi akuletee mkononi.

Baba

29 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Usishtushwe na mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe tisa. Niliongeza gundi. Kesho yake homa ilinipiga nikaanguka kazini. Ile ya dereva nilisomewa na mwenzangu nikiwa nimelazwa. Walikisafisha kidole mara mbili, lakini nyama ilikuwa imeshakufa. Wakakikata ili wauokoe mkono.

Ile jozi alishona mtu mwingine. Mimi nitafungasha viatu kwenye maboksi. Si kazi ya kuchosha.

Usijilaumu, Baba. Hukujua.

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Nakuuliza hali kwa uso gani sijui, lakini nakuuliza. Maumivu yamepungua? Usingizi unapata?

Barua yako sikumsomea mtu. Umeandika kwamba sikujua. Nilijua.

Unakumbuka mwaka ule dole gumba langu lilipovimba kama kitunguu? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuambia gundi ndiyo iliyoniponya. Nilikudanganya. Nilikwenda zahanati kwa njia ya nyuma, mafundi wenzangu wasije wakaniona nimempelekea daktari mkato mdogo. Wakaibandua gundi, wakakamua usaha, wakanidunga sindano, wakanikanya: maji safi na sabuni, kitambaa safi, basi. Bandeji niliificha mfukoni, nikarudi nikakuonyesha kopo la gundi, nawe ukaniangalia kama shujaa.

Tangu siku hiyo mimi sijaipaka tena. Wewe nikakuacha uamini. Na lile jibu langu la tarehe saba nililiandika mafundi wamenizunguka, kila sentensi nikiwasomea. Walicheka sana pale niliposema zahanati wangeshanipa kitanda changu. Nikaona raha.

Najuta, mwanangu. Nisamehe ukiweza.

Baba yako

13 Aprili

Baba,

Utaona sijakuamkia.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilipodhani hukujua, nilikuonea huruma. Sasa nina hasira, na mkono huu wa kushoto haujajua hata kuziandika sawasawa. Kidole changu kimekwenda kwa sababu ya vicheko vya watu watano wenye nyundo!

Siwezi kusema nimekusamehe. Nikisema, utalala vizuri, na mimi bado silali.

Ila kuna jambo. Wasichana wa hapa wanaziba mikato yao kwa gundi, na ni mimi niliyewafundisha. Nikiwakataza wananiambia langu lilikuwa bahati mbaya tu, mbona fundi mwenyewe, baba yangu, ilimponya. Jana mmoja kaziba kidole gumba mbele ya macho yangu, nikambembeleza hadi machozi yakanitoka. Ameniambia nimeingiwa na woga.

Njoo, Baba. Panda basi la asubuhi, usimame mbele yao wote pamoja na msimamizi, uwasimulie ulivyopita ile njia ya nyuma. Usipunguze kitu. Wakicheka, waache wacheke hadi wachoke, kisha uendelee.

Ukishamaliza, nitakuamkia.

Mwanao